Kuchagua bastola ya shabaha: triga kwanza, jina baadaye

Mtu akitaka kuanza mchezo wa kulenga shabaha kwa bastola, swali lake la kwanza huwa: ipi ina triga nyepesi? Swali hilo halijakaa sawa. Uzito wa triga, yaani nguvu ya kidole inayohitajika kuvuta kifyatulio, umeshapangwa na kanuni za mashindano, na hakuna anayeruhusiwa kushuka chini yake. Unacholipia ni ulaini: triga isogee bila kukwaruza, ifike pahali inapogoma, kisha iachie palepale kila mara bila kuupeleka mtutu pembeni. Zipo bastola za gramu 500 zinazoburuta mpaka hujui zitafyatuka lini, na zipo za kilo moja na nusu zinazoachia kwa usafi hata kidole kisizihesabu hizo kilo.

Nazungumzia bastola za mchezo tu: ya upepo ya mita 10 na ya risasi za .22 (kipenyo cha takriban inchi 0.22) ya mita 25. Ya kujilinda ni habari nyingine. Anayetaka moja ifanye kazi zote mbili hutoka dukani na isiyofaa kwa yoyote.

Singo, dabo, na kwa nini milimita moja ni nyingi

Bastola ya singo huwa imeshakokiwa kabla hujagusa triga. Slaidi, wenzo au kidole gumba kimeirudisha nyundo nyuma, na triga imebakiwa na kazi moja: kuondoa kishikizo kinachoizuia nyundo hiyo. Triga ya dabo hukoki na kufyatua kwa mvuto huohuo, ndiyo maana mvuto wake ni mrefu na mara nyingi hupita kilo 4. Glock haingii sawasawa katika kundi lolote kati ya hayo mawili. Pini yake hukokiwa nusu, triga ikamalizia, na ikitoka kiwandani huvuta kama kilo 2.5. Ni bastola imara, lakini mbele ya karatasi ya shabaha utashindana nayo badala ya kushindana na wenzako.

Sasa chukua bastola ya upepo ya mita 10. Kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma kuna sentimita 33 hivi. Mkono wako wote ukiyumba milimita 5 kushoto huku vilengeo vimebaki vimenyooka, risasi nayo itahama milimita 5, na kwa kuwa duara la 10 lina kipenyo cha milimita 11.5, bado umepata 10. Lakini kidole kikiivuta triga kwa pembeni, kilengeo cha mbele kikasogea milimita 1 tu ndani ya mwanya wa nyuma, gawanya mita 10 kwa sentimita 33: risasi inahama milimita 30. Hapo umepata 7.

Kwa hiyo kuyumba kwa mkono si adui mkubwa. Kila binadamu huyumba, hata bingwa. Kinachoharibu ni ile robo sekunde ya mwisho ambapo triga isiyotabirika inamfanya mtu akamue, na kilengeo kikainama bila yeye kukiona. Triga nzuri ya singo hukuondolea sababu ya kukamua.

Anza na sheria, kabla hujaanza kutamani

Hatua hii inachosha, lakini ndiyo inayoamua utanunua nini. Tanzania silaha zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na maombi hupitia polisi. Kenya kuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na leseni zinatolewa na Bodi ya Leseni za Silaha. Kote kuwili usiichukulie bastola ya upepo kama kichezeo eti kwa sababu haitumii baruti. Uliza mamlaka kwanza, upate jibu kwa maandishi, ndipo uagize. Mzigo ukizuiwa forodhani, maelezo kwamba "ni ya upepo tu" hayatakusaidia.

Walio ughaibuni nao wana yao. Uingereza ilipiga marufuku karibu bastola zote za risasi mwaka 1997, baada ya mauaji ya shuleni Dunblane mwaka uliotangulia, kwa hiyo .22 ya mita 25 usiifikirie kabisa. Ya upepo isiyozidi nguvu ya futi-pauni 6 inaruhusiwa bila leseni kwa mtu wa miaka 18 na zaidi akiwa England, ila Scotland inadai cheti tangu mwisho wa 2016. Ujerumani bastola ya upepo yenye alama ya herufi F ndani ya pembetano, yaani isiyozidi jouli 7.5, hununuliwa kuanzia miaka 18. Marekani hutofautiana jimbo kwa jimbo. New Jersey huihesabu bunduki ya upepo kuwa silaha kamili.

Nguvu hizo zisikutie hofu ya kupata kifaa dhaifu. Bastola ya mashindano ya mita 10 hurusha risasi ya nusu gramu kwa mita 150 hivi kwa sekunde, sawa na jouli 5 na ushei. Karatasi haihitaji zaidi.

Mahali pa kuanzia ni klabu, siyo duka. Klabu itakuonyesha renji halali, msimamizi, na bastola za kuazima. Piga za watu kwa miezi kadhaa kabla ya kununua yako.

Chagua mchezo, kanuni zitakupunguzia orodha

Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, ISSF, limeandika vipimo vya kila kitu, na ukivijua robo tatu ya bastola zilizoko sokoni zinaanguka zenyewe.

Mita 10, bastola ya upepo: risasi ya milimita 4.5, uzito wa bastola usiozidi gramu 1500, triga isiyopungua gramu 500, na bastola nzima iingie kwenye sanduku la milimita 420 kwa 200 kwa 50. Unapiga kwa mkono mmoja. Risasi ni 60, kwa saa moja na dakika 15 kwenye shabaha za kielektroniki.

Mita 25, .22: uzito usiozidi gramu 1400, triga isiyopungua gramu 1000, mtutu usiozidi milimita 153, sanduku la milimita 300 kwa 150 kwa 50. Mkono mmoja vilevile. Vilengeo ni vya chuma wazi. Darubini na vilengeo vya nukta nyekundu haviruhusiwi.

Angalia jinsi namba hizi zinavyofanya kazi. Smith & Wesson Model 41, iliyoanza kuuzwa 1957, ni .22 ya singo yenye triga ambayo wazee wa Marekani bado wanaisifia, na wana haki. Inauzwa na mtutu wa inchi 5.5 au wa inchi 7. Wa inchi 7 ni milimita 178. Kwa mashindano ya Marekani ya kupiga duara, hakuna shida. Kwa ISSF, umenunua bastola nzuri ya kupigia peke yako. Hakuna muuzaji atakayekukumbusha hilo.

Marekani wana mchezo wao huo wenye raundi 270, bastola za .22, za risasi zenye fataki katikati ya kitako na za .45, na humo ndimo bastola iitwayo 1911, iliyobuniwa na John Browning, inaendelea kuishi. Triga yake haizunguki kwenye pini, inateleza moja kwa moja kuelekea nyuma, na fundi mzuri akiishika hutoa mvuto safi sana. Kanuni zao huidai triga ya .45 isipungue pauni 3.5, karibu kilo 1.6. Kama huko ndiko unakopiga, fuata kanuni hizo, siyo za ISSF.

Ukiniuliza mimi, anzia mita 10. Risasi ni za bei nafuu, hakuna mshindo wa kukufundisha kufumba macho, na unaweza kupiga ndani ya ukumbi. Zaidi ya yote, triga ya gramu 500 ni mwalimu mkali: kosa la kidole linaonekana hapohapo kwenye karatasi. Anayeimudu hii hufika kwenye .22 akiwa na kazi ndogo iliyobaki.

Mkono wako ndio unaochagua mpini

Triga nzuri kwenye mpini mbaya ni pesa iliyopotea, kwa sababu kidole hakifiki pale kinapotakiwa. Pima hivi. Hakikisha bastola haina kitu. Ishike kwa mkono wa kufyatulia, fumba macho, inyooshe kuelekea ukutani, kisha fumbua. Kama kilengeo cha mbele kimekaa ndani ya mwanya wa nyuma, au karibu yake, mpini unakufaa. Kama kila ukifumbua kilengeo kiko kushoto, mpini unakusokota, na utaupiga vita kila risasi hadi uuze.

Kisha tazama kidole cha shahada. Kigusane na triga kwa ile nyama ya pingili ya kwanza, katikati yake, siyo kwenye kifundo. Sehemu iliyobaki ya kidole isiuguse ubavu wa mpini hata kidogo. Pawe na upenyo unaopitisha karatasi. Kidole kinachousugua mpini huusukuma, na mpini huusukuma mtutu.

Mipini ya mbao ya mashindano huuzwa kwa saizi ndogo, ya kati na kubwa, ya mkono wa kulia au wa kushoto. Chukua ile inayokubana kidogo kuliko inayolegea, maana mbao hupunguzwa kwa msasa na kujazwa kwa puti ya mbao. Fundi seremala yeyote makini anaweza kukusaidia, mradi unampelekea mpini peke yake, umeufungua kwenye bastola. Jaza pale unapoona nafasi kati ya kiganja na mbao, acha ikauke, punguza taratibu, shika, punguza tena. Bamba la chini linaloshikilia ukingo wa kiganja lirekebishwe liguse bila kubana. Likibana, vidole vinakufa ganzi kabla ya risasi ya ishirini.

Na jasho. Dar, Mombasa au Muscat, mpini uliopigwa vernishi utateleza mwezi wa pili kama umepakwa mafuta. Ubaki na mbao zisizo na vernishi, zenye vinundu vya kuchongwa, futa kwa kitambaa kila baada ya risasi chache, basi.

Majina utakayokutana nayo

Kwa mita 10, viwanda vinavyoongoza ni Steyr wa Austria, Walther na Feinwerkbau wa Ujerumani, Morini wa Uswisi na Pardini wa Italia. Mpya za daraja la juu kwa kawaida hupita euro 1,500. Sitakuambia ipi bora. Zote zinapiga tundu moja juu ya lingine, na triga zao zote ni laini kuliko uwezo wa anayeanza kutofautisha. Zinatofautiana kwa mpini, mahali uzito ulipolalia, na upatikanaji wa vipuri. Hilo la mwisho ndilo la kuulizia klabuni: wenzako wanatumia ipi, na nani anajua kuifungua?

Kwa mfuko mwembamba, zipo za kupampu mara moja kwa wenzo. IZh-46M ya Izhevsk, Urusi, hupatikana iliyotumika na triga yake inaweza kurekebishwa vizuri kuliko sura yake inavyoonyesha. Haina mtungi wa hewa, haina vali ya kujazia, na haikudai kompresa. Tatizo ni wenzo wenyewe: risasi 60 ni mizunguko 60 ya kupampu, na bega la kijana wa miaka 14 litachoka kabla ya mashindano kwisha. Gamo Compact ya Hispania ni ya bei ndogo zaidi na inatosha kujifunzia.

Kwa .22, Pardini SP na Walther GSP ni bastola za mashindano tangu kuzaliwa. GSP inatambulika kwa magazini yake iliyo mbele ya triga. Ruger Mark IV, iliyotoka 2016, na Browning Buck Mark ni za singo pia, zinadumu, bei yake ni ya mtu wa kawaida, lakini triga ya Ruger ya kiwandani ni nzito kuliko unavyohitaji na wengi huishia kubadilisha vipande vya ndani. Ingiza gharama hiyo kwenye hesabu kabla hujasema ni rahisi.

Triga ya makanika au ya umeme?

Baadhi ya bastola za upepo hufyatuliwa kwa swichi na betri. Hisia yake ni safi ajabu, kwa kuwa hakuna vyuma vinavyosuguana kuishikilia nyundo. Kinachovutwa ni springi na swichi. Pia hukuruhusu kupiga kavu (kufyatua bila risasi) nyumbani bila kukoki kila mara, jambo ambalo kwa anayefanya mazoezi kila siku ni kubwa.

Lakini kitu cha umeme huharibika kama kitu cha umeme. Na hitilafu yoyote, ya umeme au ya chuma, huja wakati mbaya: kwenye Olimpiki ya Tokyo, Manu Bhaker wa India alipata hitilafu ya bastola katikati ya mchujo wa mita 10, muda ukamwendea akiwa kwenye meza ya marekebisho, na fainali ikampita. Miaka mitatu baadaye, Paris 2024, alirudi akachukua shaba kwenye mchezo huohuo. Mtu wa timu ya taifa ana fundi na bastola ya akiba. Wewe ukiwa Mwanza au Kisumu una bisibisi na namba ya simu ya rafiki. Kwa mazingira ya namna hiyo mimi huchagua ya makanika bila kusita: springi na skrubu hutibika.

Kuijaribu triga: fanya haya kwa mpangilio

Kwanza usalama, na hili haliharakishwi. Toa magazini, fungua chemba (tundu inamokaa risasi), tazama kwa macho, ingiza kidole. Kwenye ya upepo, hakikisha hakuna risasi kwenye mtutu. Mtutu uelekee upande salama muda wote, hata wakati unaongea na muuzaji. Muulize kama inaruhusiwa kupigwa kavu. Bastola nyingi za .22 pini yake hugonga ukingo wa chemba pasipo na ganda, ikachimba chuma. Tumia risasi bandia ya mazoezi. Za upepo za mashindano huwa na kitufe cha kupigia kavu.

Sasa vuta, ukiwa umefumba macho. Triga ya singo ya mashindano kwa kawaida ina mivuto miwili. Wa kwanza ni mrefu na mwepesi, ukiendelea vilevile mpaka unapogonga kizuizi. Wa pili haupaswi kuwa na safari: unaongeza uzito kidogo, na unakatika kama njiti ya kiberiti. Vuta tena polepole mno, kama sekunde kumi nzima kwa mvuto wa pili. Ukihisi chembe, mkwaruzo, au kama triga inapanda ngazi ndogondogo kabla ya kuachia, nyuso za kishikizo si safi. Kwenye bastola mpya ya bei ndogo hilo linaweza kupungua kwa matumizi. Kwenye iliyotumika ni dalili ya uchakavu au ya mtu aliyepitisha tupa mahali pasipohusika.

Fumbua macho, elekeza kwenye ukuta mweupe usio na alama yoyote, na utazame kilengeo cha mbele peke yake wakati nyundo inaanguka. Ukuta mweupe ni mzuri kwa sababu hauna cha kukuvutia jicho. Kilengeo kikiruka upande uleule kila mara, sogeza kidole au badilisha mpini. Kikiruka huku na huko bila mpangilio, shida ni mvuto wenyewe. Kikitulia na kisha kuruka baada ya mlio, triga ina mwendo wa ziada baada ya kufyatuka: kidole kinaangukia mahali patupu na kugonga fremu. Tafuta skrubu ya kuzuia mwendo huo. Bastola ya mashindano isiyokuwa nayo usiichukue.

Halafu upime uzito. Waamuzi hutundika uzani katikati ya triga, mtutu ukiangalia juu, bastola imekokiwa, na triga inatakiwa iuinue uzani bila kufyatuka. Nyumbani huhitaji kifaa cha bei. Chukua chupa ya maji ya nusu lita na waya mgumu uliokunjwa ndoano, uweke vyote kwenye mizani ya jikoni, mimina maji mpaka mizani isome gramu 500 kamili pamoja na waya. Bastola ikiwa haina kitu na imekokiwa, tundika, inua taratibu kutoka mezani. Rudia mara kumi. Ikibeba saba na kuachia tatu, tatizo si uzito, ni kukosa uthabiti, na hiyo ni mbaya kuliko triga ya gramu 700 inayobeba vilevile mara zote kumi. Kwa .22 tumia chupa ya lita moja, gramu 1000.

Kwa 1911 iliyotumika, au .22 ambayo nyundo yake iko nje, ongeza jaribio la kishikizo. Haina kitu, nyundo imekokiwa, sukuma nyundo kwa gumba kuelekea mbele kwa nguvu ya wastani bila kugusa triga. Ikianguka, rudisha kwa mwenyewe na uondoke. Ukiwa renji, mara ya kwanza weka risasi mbili tu kwenye magazini, siyo tano. Triga iliyopunguzwa kupita kiasi inaweza kutoa zote mbili kwa mvuto mmoja, na ya pili itakwenda ambako hukukusudia. Bastola ya namna hiyo ni ya fundi wa silaha mwenye leseni, haina nafasi ya "tutairekebisha baadaye".

Mtungi, tarehe, na wazamiaji wa Nungwi

Hapa ndipo wanunuzi wa bastola za upepo zilizotumika huumizwa. Mtungi wa hewa una tarehe iliyochapwa juu yake, na kwenye mashindano ya ISSF muda wake hauzidi miaka 10. Bastola ya mwaka 2014 inayouzwa kwa bei nzuri huku ikiwa na mtungi wake wa asili ina mtungi uliokwisha muda. Triga inaweza kuwa laini kama mpya, lakini itabidi ununue mtungi, na kwa modeli iliyoacha kutengenezwa huenda usiupate. Omba picha ya tarehe hiyo kabla ya kutuma hata shilingi.

Kujaza ni swali la pili. Mitungi mingi ya bastola hujazwa hadi shinikizo la bari 200. Pampu ya mkono inafanya kazi, ila inaingiza unyevu usipoitunza, na pwani unyevu hatuuagizi. Njia nzuri ni mtungi wa kuzamia na adapta. Vituo vya kuzamia vya Diani, Nungwi na Mafia vina kompresa zinazotoa hewa kavu iliyochujwa, na mtungi mmoja wa kuzamia utajaza bastola kwa muda mrefu sana. Kwa walioko bara, ulizia waokoaji na mafundi wa gesi kama wana hewa safi ya shinikizo hilo. Hewa ya kawaida tu. Oksijeni kamwe, kwa kuwa ikikutana na grisi kwenye shinikizo kubwa inalipuka.

Angalia pia vichwa vya skrubu. Vilivyotafunwa vinakueleza kwamba kuna mtu alifungua bila bisibisi sahihi, na aliyeharibu kichwa cha skrubu huenda hakuishia hapo. Uliza kitabu cha maelekezo. Bila kitabu hutajua skrubu ipi ni ya mvuto wa kwanza na ipi ni ya kina cha kishikizo, na hiyo ya mwisho ndiyo usiyotakiwa kuigusa.

Kuipanga ikishakuwa yako

Anza na mahali pa triga, mbele au nyuma, hadi kidole kikae kama nilivyoeleza. Kaza. Ndipo uende kwenye uzito. Kwa bastola ya gramu 500 gawanya ili mvuto wa kwanza ubebe sehemu kubwa: gramu 350 hadi 400, na wa pili uongeze 100 hadi 150. Anayeanza hupenda kinyume chake, mvuto wa kwanza mwepesi kabisa na wa pili mzito, halafu anashangaa kwa nini anakamua mwishoni. Ukishabeba gramu 400 tayari, hizo zilizobaki ni kukamilisha tu.

Zuia mwendo wa ziada: zungusha skrubu hadi bastola igome kufyatuka, kisha irudishe kidogo, nusu mzunguko inatosha. Ukiirudisha kidogo mno, siku ya vumbi triga itagoma katikati ya mashindano.

Usiache gramu 500 kamili. Springi hubadilika, vumbi huingia, na mizani ya waamuzi siyo ya jikoni kwako. Weka 510 au 520. Kwa .22 weka 1020 au zaidi. Andika idadi ya mizunguko ya kila skrubu kwenye daftari, maana utaigusa tena na utataka kurudi ulikotoka.

Risasi zichagulie bastola, usizichagulie bei. Zinauzwa kwa kipenyo cha kichwa, 4.49, 4.50 na kadhalika, na bastola mbili za modeli moja zinaweza kupenda tofauti. Egemeza mkono kwenye mfuko wa mchanga, piga tano tano za kila aina kwenye karatasi ya mita 10, ununue kopo nyingi za ile inayofunga tundu dogo.

Ukisafiri kwa ndege kwenda kwenye mashindano, toa hewa yote kwenye mtungi na uwe na barua ya klabu pamoja na kibali cha kila nchi unayopita, hata kama unabadilisha ndege tu. Ukifika, pima triga tena kabla ya ukaguzi. Waamuzi hutoa nafasi tatu za kuinua uzani. Ukishindwa zote unarudi kurekebisha na kupanga foleni upya. Bisibisi ya skrubu ya triga iwe mfukoni mwako, isiwe kwenye begi lililobaki hotelini.